Taa ya Buluu Ni Dawa, na Njiti Ana Kipimo Chake

Agosti 2022 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo mpya wa manjano ya watoto wachanga, ukachukua nafasi ya ule wa mwaka 2004. Kubwa lililobadilika ni kwamba kiwango cha bilirubini, rangi ya manjano iliyo kwenye damu, ambacho mtoto akikifikia anawekwa kwenye taa kilipandishwa kidogo. Habari hiyo imenifikia zaidi ya mara moja kupitia makundi ya wazazi kwenye simu, ikiwa imekatwa kichwa na miguu: eti wakubwa wa tiba wamekiri kwamba taa zina madhara na sasa wanazipunguza. Wakati huohuo hospitali zetu zinaelekea upande wa pili. Kwa mipango kama NEST360, inayofanya kazi na serikali za Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria, taa mpya za LED zinazidi kuingia kwenye wodi za watoto wachanga. Mama aliyesoma ujumbe ule, akimkuta mwanawe amelazwa chini ya mwanga wa buluu kafungwa kitambaa machoni, ana kila sababu ya kudhani kwamba tunaletewa kilichokataliwa kwingine.

Anakosea, ila kosa lake linaeleweka. Mwongozo ule unamhusu mtoto aliyekaa tumboni wiki 35 au zaidi. Njiti wa wiki 28, 30 au 32 hayumo kabisa, na kanuni zake ni nyingine. Aliyesoma habari ile akaamua kwamba njiti wake aondolewe kwenye taa amechukua dozi ya mtoto mmoja akampimia mwingine.

Hoja yangu ni kwamba taa ya buluu ni dawa. Ina mtoto anayeihitaji na asiyeihitaji, ina kiasi, ina muda, na ina madhara. Kwa njiti walio wengi dawa hii huokoa ubongo. Kwa njiti mdogo kupita wote, yule wa gramu 750 kushuka chini, kuna dalili kwamba ikizidi inaweza kumuumiza, na dalili hiyo haifai kufichwa. Lakini hatari kubwa kwenye wodi zetu ni taa kuwashwa bila vipimo: damu ya mtoto haipimwi, nguvu ya mwanga haipimwi, na hakuna anayehesabu kinachopotea mama akitenganishwa na mwanawe.

Tuanze na manjano yenyewe. Kila mtoto mchanga huvunja seli nyekundu za damu kwa wingi katika siku zake za kwanza, na mabaki ya kazi hiyo ni bilirubini, ile rangi ya manjano. Ini lililokomaa huichakata na kuitoa pamoja na nyongo. Ini la njiti bado changa, matumbo yake yanatembea polepole kwa kuwa maziwa anayopata ni ya matone, na albumini, protini inayoishika bilirubini ndani ya damu isizurure, kwake ni haba. Ndiyo maana kiwango ambacho mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni anakibeba bila tabu kinaweza kupenya kwenye ubongo wa njiti na kumwachia uziwi au mtindio wa ubongo. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, una hesabu nyepesi kwa njiti aliyevuka saa 72: chukua umri wa mimba kwa wiki, zidisha kwa 10, toa 100. Wa wiki 28 anawekwa kwenye taa bilirubini ikifika maikromoli 180 kwa lita. Wa wiki 34 anasubiri hadi 240. Aliyezaliwa kwa wakati, akishavuka siku nne, husubiriwa mpaka 350, karibu mara mbili ya yule wa wiki 28.

Na ni njiti walioifundisha dunia dawa hii. Kiangazi cha 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa msimamizi wa wodi ya njiti, na siku za joto alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto uani wapate hewa na jua. Siku moja madaktari walipopita raundi alimfunua mmoja wao. Mwili wote ulikuwa umepauka, isipokuwa kipande cha ngozi chenye umbo la pembetatu kilichokuwa bado na manjano ya kukolea. Hapo ndipo ncha ya shuka ilipokuwa imemfunika. Baadaye kichupa cha damu ya mtoto mwenye manjano kilisahauliwa dirishani penye jua, na maabara ikatoa kipimo cha chini kuliko kilichotarajiwa. Dk. Richard Cremer na wenzake wakaunganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza kitanda chenye taa za buluu, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Ilipita miaka kumi kabla Jerold Lucey wa Vermont, Marekani, hajathibitisha mwaka 1968 kwa jaribio la kulinganisha njiti waliowekwa kwenye taa na wasiowekwa.

Mwanga unaofanya kazi hiyo ni wa buluu, wenye mawimbi ya takriban nanomita 460 hadi 490. Unapenya ngozi, unaikuta bilirubini iliyo kwenye ngozi na mishipa midogo chini yake, na kuigeuza umbo ili iweze kutoka kwa nyongo na mkojo pasipo kulingoja ini. Kwa maneno mengine, mwanga unamfanyia njiti kazi ambayo ini lake bado haliiwezi. Madhara ya kawaida yanajulikana: mtoto hupoteza maji kupitia ngozi, choo kinakuwa chepesi, joto la mwili linayumba, vipele vinaweza kutokea. Mtoto ambaye nyongo yake imeziba anaweza kubadilika rangi akawa kama shaba. Mengi ya hayo hupita taa ikizimwa, na taa za LED, ambazo hazitoi joto kama zile za mirija, zimepunguza lile la maji.

Swali zito ni la wale wadogo kabisa. Mwaka 2008 mtandao wa utafiti wa watoto wachanga nchini Marekani ulichapisha matokeo ya jaribio la njiti 1,974, wote wa gramu 1,000 au pungufu. Nusu waliwekwa kwenye taa mapema, wakiwa na umri wa kati ya saa 12 na 36, hata kama manjano hayajapanda. Nusu nyingine walisubiri hadi bilirubini ifike kiwango maalumu. Kwa ujumla vifo havikutofautiana kwa maana yoyote: asilimia 24 kwa waliowahi taa, 23 kwa waliosubiri. Ulemavu wa ukuaji wa ubongo ulikuwa asilimia 26 kwa waliowahi na 30 kwa waliosubiri, na tofauti hiyo ni ya kweli. Kisha watafiti wakatazama kundi la gramu 501 hadi 750 peke yake. Huko vifo vilikuwa asilimia 39 kwa waliowahi taa na 34 kwa waliosubiri. Tofauti hiyo ya tano katika kila mia inaweza kuwa bahati mbaya ya hesabu, na wenyewe walilisema hilo. Inaweza pia isiwe bahati mbaya. Ngozi ya mtoto wa gramu 600 unaiona mishipa ndani yake, mwanga unafika mbali zaidi kuliko kwa mtoto mwingine yeyote, na bilirubini kwa kiasi kidogo ni kinga dhidi ya kemikali zinazochoma seli. Ukimwondolea yote, huenda unamvua nguo aliyokuwa anaihitaji. Ndiyo maana mtandao uleule umeendelea kuuliza kama inatosha kuwawekea wadogo hawa mwanga wa vipindi, dakika kadhaa katika kila saa, badala ya mfululizo.

Wapo wanaoyachukua matokeo hayo na kusema basi taa ziogopwe. Nawaelewa, lakini historia ya njiti ina somo hapa. Katika miaka ya 1940 watoto hawa walimiminiwa oksijeni bila kipimo, na maelfu wakapofuka. Ilipogundulika miaka ya 1950 kwamba oksijeni ndiyo chanzo, hospitali zikaibana kwa woga, na njiti wengine wakafa kwa kuikosa. Ilibidi wajifunze kuipima. Mwaka 1956, mwaka uleule wa Sista Ward, Dk. William Silverman na wenzake wa New York walikuta njiti waliopewa dawa ya salfa kuwakinga na maambukizi wanakufa zaidi, wakiwa na manjano ndani ya ubongo, ingawa bilirubini yao haikuwa juu. Salfa ilikuwa inaing'oa bilirubini kutoka kwenye albumini na kuiachia huru. Ni kwa sababu hiyo hadi leo njiti mwenye manjano hapaswi kupewa septrini wala seftriaksoni bila kufikiri mara mbili. Kisa hicho kinakata kotekote: kinaonyesha kwamba nia njema bila vipimo inaua njiti, na kinaonyesha pia kwamba bilirubini ndogo, ambayo kwa mtoto mwingine si kitu, kwa njiti inaweza kuwa kubwa. Anayetaka kuipuuza taa kwa hofu ya yale matokeo ya gramu 750 aikumbuke bilirubini hiyo.

Tena tuangalie njiti wetu ni akina nani. Matokeo yale ya kutia shaka yametoka kwa watoto wa gramu 501 hadi 750, wengi wao wakipumua kwa mashine, katika wodi ambazo hospitali ya wilaya ya kwetu haina mfano wake. Njiti wanaojaza wodi zetu, wanaobebwa kifuani na kurudi nyumbani, kwa sehemu kubwa ni wa kilo moja na kitu hadi mbili. Kwao hofu ya taa imeazimwa kwa mtu mwingine.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu zaidi, na wanaoitoa ni wahudumu wenyewe. Maabara haitoi jibu la bilirubini leo, wanasema, na mtoto ni wa gramu 1,300. Tukisubiri kipimo ubongo umeshaharibika, afadhali tuwashe kwa kila njiti tangu siku ya kwanza. Siwezi kuikejeli hoja hiyo. Jaribio la 2008 linaiunga mkono kwa kiasi, kwa kuwa waliowahi taa walipata ulemavu mchache. Ngozi nyeusi nayo inaficha manjano: muuguzi anabonyeza ncha ya pua au paji la uso kwa kidole, anatazama ufizi na nyayo, lakini jicho haliwezi kutofautisha 150 na 220, na kwa njiti wa wiki 30 tofauti hiyo ndiyo maamuzi yote. Kama hakuna kipimo, kuwasha ni busara kuliko kutowasha. Ninachokikataa ni hali hiyo ya dharura kugeuka kuwa utaratibu wa kudumu. Anayewasha bila kupima hajui azime lini, hajui kama manjano yanashuka au yanapanda chini ya taa, wala hajui kwamba mtoto huyu hahitaji tena taa bali kubadilishiwa damu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa mitaani, kwamba jua la asubuhi linatosha. Wanaoitetea hutaja Nigeria, na ni kweli huko kulifanyika kazi nzuri. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio la watoto 447 wa Lagos waliotibiwa ama kwa jua au kwa taa, na jua lilifanya kazi katika asilimia 93 ya siku za matibabu, taa asilimia 90. Lakini jua hilo lilipitishwa kwenye turubai maalumu linalozuia miale inayounguza na kupunguza joto, chini yake watoto wakipimwa joto la mwili na damu, wakiangaliwa na wahudumu muda wote. Na walikuwa watoto waliotimiza miezi tisa tumboni au waliokaribia sana. Njiti wa gramu 1,400 akivuliwa kibarazani saa moja na nusu asubuhi anapata baridi kabla hajapata mwanga wa maana, na akiachwa hadi saa nne anaungua. Akifunikwa asipate baridi, inakuwa ile pembetatu ya Rochford: palipofunikwa hapatibiki. Ubaya mkubwa zaidi ni siku mbili tatu zinazopotea mama akiendelea kumwanika, maana bilirubini ya njiti haina subira ya siku tatu. Bibi zetu waliona sawasawa kwamba mwanga unapunguza manjano. Walichokosa ni njia ya kupima.

Nakuja kwenye wodi yenyewe. Mwaka juzi nilikuwa nikimpelekea chakula mdogo wangu wa kike aliyejifungua wiki ya 31, katika hospitali sitakayoitaja. Mtoto alilazwa chini ya mashine ya mirija minne. Miwili ilikuwa imekufa. Taa ilikuwa imeinuliwa juu ili wahudumu wapite na dripu. Kitambaa cha machoni kilikuwa kila mara kinateleza kuelekea puani, na mdogo wangu, aliyekuwa anakamua maziwa kwenye kikombe kila baada ya saa tatu, alishinda amekikodolea macho hicho kitambaa. Siku ya tatu aliuliza, "Nesi, manjano yake yamefika ngapi?" Muuguzi, mmoja kwa watoto kumi na saba usiku ule, alimbonyeza mtoto paji la uso akasema yanapungua. Simlaumu hata kidogo. Hakupewa kifaa cha kumjibu.

Mirija miwili iliyokufa na taa iliyoinuliwa si mambo madogo. Mwanga hudhoofika haraka kadiri taa inavyokwenda mbali na mtoto. Tiba ya nguvu inadai maikrowati 30 au zaidi kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi kwa kila nanomita, na hata ya kawaida inahitaji nane hadi kumi. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo: taa iliyochoka bado inang'aa buluu, mama anafarijika, na bilirubini inaendelea kupanda. Mirija huchoka kabla haijaungua, na LED nazo zina mwisho wake. Kipo kifaa kidogo cha mkononi cha kupima mwanga huo, unakiweka mahali alipolala mtoto unasoma namba. Hospitali inayonunua taa kumi bila kifaa hicho kimoja imenunua vidonge visivyoandikwa miligramu. Kwa hiyo nikisikia kwamba taa zinawazidi njiti wetu, ninachokiona ni mtoto wa mdogo wangu aliyepata mwanga hafifu kwa siku nne, huku akilipa gharama zote za tiba: macho kufungwa, maji kupotea, kukaa mbali na mama.

Hilo la mwisho ndilo tunalolihesabu kidogo kuliko yote. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako kwetu lilikuwa Muhimbili. Watoto 3,211 wa gramu 1,000 hadi 1,799 waligawanywa, wengine wakabebwa kangaruu, yaani kifuani ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wakasubiri hadi hali itulie kama ilivyozoeleka. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 12 ya waliobebwa mapema na asilimia 15.7 ya waliosubiri. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo. Hawa ndio njiti walewale tunaowaweka kwenye taa kwa siku tatu nne mfululizo. Ngozi kwa ngozi inaokoa maisha. Taa inaokoa ubongo. Na mtoto ana mwili mmoja.

Mgongano huo unatatulika, kwa sababu ya jinsi mwanga unavyofanya kazi. Bilirubini iliyo kwenye ngozi ikishageuzwa, damu inahitaji muda kuleta nyingine, hivyo dakika za taa si lazima zifuatane bila kukatika. Mwongozo wa NICE unaruhusu mtoto aliye chini ya taa ya kawaida kutolewa hadi nusu saa kunyonya, kubadilishwa nepi na kupakatwa. Kuna pia blanketi za mwanga zinazowekwa mgongoni mwa mtoto akiwa kifuani kwa mama. Pale ambapo manjano yako juu mno mtoto abaki kwenye taa, hilo halina mjadala. Ila kwa aliyepimwa ikaonekana yanashuka, amri ya kwamba asiguswe mpaka daktari apite kesho haina msingi wowote. Tazama basi kipimo cha damu kinavyorudi tena: bila namba, muuguzi hawezi kujua ni mtoto gani wa kupakatwa na yupi wa kubaki, na kwa tahadhari anawabakisha wote.

Ndiyo maana nasema fedha inayotafutiwa taa itafutiwe mambo matatu kwa pamoja: kipimo cha bilirubini kinachotoa jibu hapohapo wodini kwa tone la damu, kifaa cha kupima mwanga pamoja na fundi wa kubadilisha taa zilizochoka, na kitanda cha mama kando ya mtoto. Taa peke yake ni rahisi kupigiwa picha ikikabidhiwa, vingine havipigiki vizuri. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa Tanzania mwaka 2025 yamemwongezea likizo mama aliyejifungua njiti, na ni hatua kubwa, lakini yanamgusa aliyeajiriwa. Muuza mboga na mkulima wanakaa wodini kwa gharama zao, na akiambiwa mtoto haguswi siku nne, ataondoka kwenda kutafuta riziki, maziwa yatapungua, na maziwa yakipungua manjano yanapanda.

Baada ya hapo kuna usikivu. Sikio ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuharibiwa na bilirubini, na uziwi wa mtoto mchanga hauonekani mpaka afikishe umri wa kusema asiseme. Kila njiti aliyepita kwenye manjano makali angepaswa kurudi kupimwa masikio katika miezi yake ya mwanzo, na kliniki inayompokea ijue alifika kiwango gani na alikaa kwenye taa saa ngapi. Kadi aliyotoka nayo mdogo wangu ina uzito wa kuzaliwa, uzito wa kutoka na tarehe ya kurudi. Siku nne za taa hazikuandikiwa hata mstari mmoja.